Magugu ya Dirisha la Nyuma

Nyacheki, kupitia Ogembo
Jumapili

Dada yangu Felista,

Nakuamkia wewe kwanza, na kwa mdomo wako namwamkia Mama. Goti lake vipi? Bado analisugua mafuta ya nazi na kuapa kwamba hospitali haendi? Na wewe kile kikohozi kimekuacha? Sisi huku tu wazima wa mwili. Kerubo anaota meno ya nyuma na anauma kila kilicho mbele yake, hata mguu wa meza. Baridi ni ileile, mvua ni ileile, na mimi mdogo wako nimekasirika mpaka nimechoka kukasirika. Barua hii niliianza juma lililopita nikaichana, kwa sababu niliposoma nilichoandika nikaona ni matusi matupu, na Mama kila barua anakuomba umsomee. Leo nimepoa. Kidogo.

Kisa ni samaki. Usicheke.

Unakumbuka nilikwambia kwamba yule mzungu wa kiwanda cha chai, pale alipoandikwa kazi shemeji yako, anarudi kwao kwa kuwa siku hizi vyeo wanapewa wenyeji? Basi aliondoka, na kabla ya kuondoka akagawa vitu vyake. Karani mmoja akapata kabati. Dereva akapata baiskeli, nzima, na kengele yake. Mpishi akapata redio. Shemeji yako Momanyi, mwanamume niliyemfuata kutoka Kisauni mpaka kwenye milima hii, akarudi nyumbani amepakata sanduku la kioo lenye maji, majani, na samaki wadogo ambao hata paka hashibi. Maji yalikuwa yamemmwagikia suruali yote kutoka Kisii mpaka hapa, naye anachekelea.

Nikamuuliza, “Baiskeli hukuiona?”

“Baiskeli ziko kila mahali,” akasema. “Hii umeona wapi?”

Akalitua juu ya meza ndogo, kwenye dirisha la nyuma la sebule, lile linaloangalia migomba. Nikamwambia hapo jua litageuza maji yawe mchuzi wa kisamvu. Akasema huku hakuna stima, samaki wanataka mwanga na majani yanataka mwanga. Nikamwambia sawa, basi tuliweke dirisha la mbele wageni walione. Akakataa. Alikataa kwa ukali, Dada, na wewe unamjua si mtu wa ukali. Nikaliweka moyoni. Shika hapo, nitaparudia.

Yeye huenda zake kazini Jumapili jioni akarudi Ijumaa kabla jua halijatua. Kwa hiyo samaki ni wa nani? Wangu. Kuwalisha ni mimi, kubadilisha maji ni mimi, kusikia maneno ya watu ni mimi. Jumamosi wakitoka kanisani (hawa wakwe zangu ni Wasabato, nilishakwambia) hupita kusalimia, na kila mmoja lazima ainame achungulie. Mzee mmoja wa kanisa akaniuliza, “Hawa wako na magamba?” maana wao samaki asiye na magamba hawamli. Nikamwambia wanayo. Akasema, “Sasa unangoja nini?”

Na lilikuwa baya kutazama, Dada, nisikudanganye. Yale majani yaliota kama yamewekewa mbolea. Yakajaza sanduku lote, yakagusa kioo kila upande, yakapanda juu yakainama tena chini. Kioo kikashika utando wa kijani. Samaki ulikuwa unawaona kwa bahati, mkia hapa, jicho pale. Wifi yangu Kemunto, mdogo wake Momanyi, aliyeolewa ng'ambo ya kijito na huja kutusaidia kuchuma chai, alinionea huruma akaniletea pambo: kiboko cha jiwe, yale mawe laini wanayochonga huku. Hakukiosha. Tulipokitumbukiza, unga wa jiwe ukatoka na maji yakawa maziwa. Kutwa nzima hatukujua samaki wako hai au wamekufa.

Basi Jumatatu moja nikasema leo ni leo. Mimi nimezaliwa karibu na maji, siwezi kushindwa na maji ya kujaza ndoo. Nikawahamishia samaki kwenye sufuria. Nikang'oa majani karibu yote nikayatupa kwenye mashina ya migomba, nikabakiza vishungi viwili, kimoja kila pembe. Mchanga nikauosha mpaka maji yakatoka meupe. Nikaulaza kwa mteremko, nyuma juu na mbele chini. Jiwe la kijito nikaliweka kando, si katikati, maana kitu ukikiweka katikati macho hayana safari. Kiboko nikakiosha kwa brashi nikakirudisha, Kemunto asije akanuna. Kioo nikakisugua kwa majivu ndani na nje. Niliporudisha maji na samaki, Dada, nilikaa chini nikapiga makofi peke yangu. Ulikuwa unaona kutoka upande huu mpaka upande wa pili. Samaki wanapita kwenye mwanga na mikia yao ya rangi, na nyuma yao, safi kabisa, migomba.

Alasiri ile nikatandika mkeka mbele yake. Kitambaa cha kichwa nilikuwa nimevua, gauni limepanda juu ya magoti, Kerubo ananyonya, nami natafuna muwa. Raha yangu ya kwanza tangu nije huku. Nikasikia kishindo nje, kitu kinapita mbio kwenye majani makavu ya migomba. Nikasema ni mbuzi.

Sasa nikueleze kuhusu baba mkwe. Mama mkwe alifariki kabla sijaja, na mzee anakaa peke yake kwenye nyumba yake ya upande wa juu wa boma. Anayempikia ni mimi. Lakini kwa mila yao, ambayo wenyewe huiita chinsoni, yeye na mimi ni kama jua na mwezi. Nyumba ya mwanawe aliyeoa haingii, hata mvua ikimkuta mlangoni. Mimi simkazii macho, simpi mkono, sikai alipokaa. Kwa hiyo chakula nakipeleka kwenye kigoda nje ya mlango wake, nakohoa, naenda zangu. Baadaye nikirudi naikuta sahani imeoshwa na kufudikizwa juu ya kigoda. Mwaka na zaidi hatujawahi kuzungumza, lakini sahani ile iliyofudikizwa ilikuwa inanitosha. Nilijua kuna mtu mmoja katika boma hili aliyekubali kwamba nimekuja.

Jioni ya Jumatatu ile nilikuta sahani kama nilivyoiacha. Imefunikwa, ugali wa wimbi umepoa, mboga ya saga, ule mgagani wa huku, haikuguswa. Nikasema labda tumbo. Jumanne vilevile. Jumatano nikamwona kwa mbali ameinama kwenye moto uani kwake, mzee wa umri ule, anachoma ndizi. Nikarudi jikoni nikalia. Ndiyo, nililia, na hasira juu yake. Nilijiuliza nimetia nini kwenye chakula, nimesema nini, nimepita wapi. Majirani nao hawana dogo. Kisimani wakaanza kuuliza kwa sauti ya upole ile ya watu wabaya, “Mzee yuko salama? Tunaona amekonda.” Mgeni ni kuku mweupe, Dada. Hata akisimama tu anaonekana.

Alhamisi Kemunto akaja kuchuma chai. Akaingia sebuleni kuchukua kikapu, akaliona sanduku, akashika mdomo.

“Majani yako wapi?”

“Nimeyang'oa. Si unaona palivyopendeza?”

“Wewe mama Kerubo! Sasa mzee atasimama wapi?”

Nikamwambia sema nielewe. Akakaa chini, akajifunika uso kwa kiganja, akasema. Kumbe mzee huja dirishani! Tangu sanduku lilipoletwa, kila alasiri akijua niko kwenye chai au nimelala na mtoto, huja kwa njia ya migombani akasimama akatazama samaki. Kuchungulia nyumba ya mwanawe hawezi, ni aibu kubwa. Lakini yale majani yalikuwa yamejaza dirisha mpaka huoni ndani. Yeye alikuwa anaona samaki waliokuwa wakiogelea karibu na kioo cha upande wake, na baada yao kijani, basi. Si nyumba, ni majani. Na mimi mwerevu, mtoto wa pwani, nikayang'oa. Mzee akaja kama kawaida yake akanikuta mimi, kichwa wazi, magoti wazi, kifua wazi, na muwa mdomoni. Yule mbuzi alikuwa baba mkwe.

Dada, nilitaka ardhi ipasuke inimeze.

Nilichofanya baada ya hapo ndicho kilichomfanya Kemunto apige ukelele. Nilichukua leso yangu nikaitundika haraka nyuma ya sanduku iwe pazia. Akairukia akaivuta chini. “Nguo yako! Ya kujifunga kiunoni! Utundike mbele ya mzee?” Nikamwambia basi nitatundika kitambaa cha meza. Akatikisa kichwa. “Kitambaa ni kumwambia tumekuona. Majani yalikuwa hayasemi kitu.”

Niliudhika kwa sababu nilimwelewa.

Ijumaa shemeji yako akafika, na hata viatu sikumwacha avue. Nikamwambia yote. Unajua alisema nini? Alitazama chini akasema, “Nilifikiri unajua.” Kumbe kuliweka dirisha la nyuma ilikuwa makusudi! Alimletea baba yake. Mzee tangu afiwe alikuwa haendi popote, hazungumzi na mtu, na Momanyi alipoona samaki wale kwa mzungu akasema hawa watampendeza Baba. Baiskeli aliikataa kwa ajili hiyo. Nikamuuliza, “Ulishindwa kuniambia?”

“Jambo kama hilo halisemwi.”

“Kama halisemwi, mimi nilijue kwa njia gani? Kwa ndoto?”

“Watu wanajua tu.”

“Watu waliozaliwa hapa ndio wanajua tu! Mimi mmenileta, mkaniwekea mitego ya haya kila kona, halafu mnangoja nianguke ndipo mseme pole. Kwetu mgeni akija anaonyeshwa choo kiko wapi. Ninyi mnangoja ajisaidie jikoni!”

Akainama akavua viatu. Nilisema mengine pia, sitayaandika. Usilolijua ni usiku wa giza, tulifundishwa hivyo, lakini hakuna aliyetufundisha la kufanya wenye taa wakikaa wanakutazama ukijigonga ukutani.

Nilitaka twende bondeni jioni ileile kutafuta majani mengine. Haiwezekani, Sabato imeingia. Jumamosi haiwezekani, ni Sabato yenyewe. Basi nikakaa nimekunja mikono kutwa nzima nikiimba nyimbo za sifa, huku mzee anakula ndizi baridi alizochoma Ijumaa. Jumapili asubuhi tukashuka bondeni, mimi na Momanyi, kwenye tope mpaka mapajani. Ruba akanishika nyuma ya goti. Shemeji yako alimbandua akicheka, na mimi nilikuwa bado sijafikia kucheka, kwa hiyo nikamrushia tope la uso. Ndipo nikacheka.

Kulipanga upya nilianza nje. Nilikwenda migombani nikasimama mahali anaposimama mzee, na hapo Dada moyo uliniuma. Kuna kiraka cha udongo chini ya dirisha, kipana kiasi cha miguu miwili, ambacho nyasi zimekufa na ardhi imekuwa ngumu kwa kukanyagwa. Nilipita hapo siku zote na kikapu cha chai, sikujiuliza ni nini. Nikasimama papo hapo, Momanyi akiwa ndani mikono kwenye maji, nami namwelekeza kwa dirisha: “Majani marefu yote upande wa chumba. Yabane. Zaidi. Bado nakiona kiti.” Tukayapanda kwa safu, mengine mbele ya mengine, mpaka chumba kikapotea. Upande wa dirisha nikaacha wazi. Mchanga sasa unateremkia nje. Jiwe likageukia nje, kiboko kikatazama nje, na majani mafupi nikayapanga chini ya kioo cha nje ili samaki wawe na mahali pa kucheza karibu naye.

Maji yalichafuka, yakatulia, yakang'aa. Kisha tukangoja. Jumatatu hakuja. Jumanne nilibeba kikapu nikapita mbele ya nyumba yake nikikohoa kama mgonjwa wa kifua, ili ajue nimekwenda kwenye chai. Niliporudi, kile kiraka kilikuwa kikavu, hakuna alama ya bakora yake anayotembelea. Sahani nayo ni ileile, imefunikwa, imepoa. Nikaanza kuwaza nimwombe Momanyi anitafutie chumba Kisii, niwaondokee na balaa langu.

Alhamisi hii alasiri nilikuwa chini sakafuni, nyuma ya majani yale, namlaza Kerubo. Nikasikia bakora. Nikasikia kikohozi. Nikabana pumzi. Akawasalimia samaki kwa Kikisii, polepole, kama mtu anayetembelea ndugu. Kisha, Dada, akaanza kusema Kiswahili.

Mzee yule Kiswahili chake ni cha mashamba ya chai ya Kericho, alikofanya kazi ujanani. Hapa bomani hana mtu wa kuzungumza naye hicho. Wote wanasema Kikisii. Asiyekijua sawasawa ni mmoja tu.

“Nyinyi samaki,” akasema. “Naona nyumba yenu imetengenezwa. Imekuwa mzuri sana. Hata mawe inaniangalia mimi.”

Akakohoa.

“Siku ile mimi sikukasirika. Ilikuwa haya tu. Mtu mzee akishikwa na haya, chakula haipiti. Hiyo mama ametoka mbali, hakuna mtu alimwambia. Hiyo makosa ni ya sisi watu ya hapa. Nyinyi mtamwambia, mimi siwezi.”

Nikadhani amemaliza. Nilikuwa nimeuma leso kwa meno nisitoe sauti.

“Na ile mboga yake ya saga,” akasema, “iko sawa, lakini bado ni chungu. Ilale kwa maziwa. Mama ya Momanyi alikuwa analaza.”

Nifanyeje, Dada? Kumjibu siwezi. Kunyamaza siwezi. Palikuwa na kipande cha ugali alichoacha Kerubo. Nikakifikicha, nikanyoosha mkono juu ya majani bila kuinuka, nikanyunyiza upande wake. Samaki wote wakapanda juu kwa pamoja mbele ya kioo chake. Nikamsikia akicheka. Mwaka na zaidi katika boma hili, sikuwahi kumsikia mzee akicheka. Kisha bakora ikaondoka, taratibu, si kwa mbio.

Usiku ule nililaza saga kwenye maziwa. Jana sikupika, Sabato, nilimpelekea iliyopikwa Ijumaa. Jioni nikakuta sahani imeoshwa na kufudikizwa.

Kwa hiyo amani imerudi, na mimi bado nina hasira zangu, usifikiri zimekwisha. Momanyi nimemwambia kuanzia sasa kila lisilosemwa aniambie, hata kama ni kwa kuwaambia samaki. Na sanduku lenyewe je? Mimi ndiye ninayewalisha, ndiye niliyeng'atwa na ruba, na nikikaa kwenye kiti changu naona kichaka, mgongo wa jiwe, na matako ya kiboko. Kemunto anasema limependeza kuliko kwa mzungu. Nimemwambia nitaamini nikisimuliwa.

Nisalimie shemeji yangu, mumeo, umwambie ile kofia aliyompa Momanyi huvaliwa mpaka kitandani kwa baridi. Nisalimie Shangazi Magdalena aliyenifunda; mwambie kuna somo moja alilisahau. Mjomba Daudi naye asalimiwe, na fundi cherehani wa mlangoni kwetu, aliyenishonea lile gauni linaloishia magotini, umwambie sasa naliteremsha upindo. Mama umbusu goti lake kwa niaba yangu.

Nina ombi moja. Ukipata mtu anayekuja huku, niokotee makombe ya ufukweni unitumie, yale ya waridi kwa ndani. Nataka kuyapanga kwenye mchanga, upande wa dirisha. Uchague makubwa, Dada, maana macho ya mzee hayaoni vidogo.

Mdogo wako akupendaye, mkaza mwana wa watu,

Julita